Tumekubaliana Hatulipi

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mama Brayan, mwenye nyumba wetu, kapita leo akitoka kanisani, bado kavaa kitenge cha kwaya. Kodi inapanda. Kutoka elfu hamsini hadi themanini! Na anataka miezi sita kwa mpigo. Atakayeshindwa hadi Jumamosi ya tarehe 19, saa sita mchana, aachie chumba. Kasema madereva wa malori wakisubiri kuvuka mpaka hapa Tunduma wanalipa elfu kumi na tano kwa siku, sasa yeye ale hasara kwa ajili ya nani? Yote hayo kayasema kwa upole, huku akimsifia mwanangu Fauzia alivyokua. Huo upole ndio ulioniudhi.

Laki nne na themanini. Mimi ninayewauzia chai na chapati madereva haohao.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kaka yangu Zahoro kapiga simu. Eti nivuke nikapange Nakonde, Wazambia wanapokea mwezi kwa mwezi. Kirahisi tu! Fauzia anaanza mtihani wa kidato cha nne tarehe 11 Novemba. Nimhamishe nchi na mtihani mkononi? Nanyala nako vyumba ni nafuu, lakini nauli ya kwenda na kurudi itakula hiyo nafuu yote.

Hapa mtaani kwetu Chapwa, Fauzia anakwenda shule kwa miguu. Sitoki.

Jumatano, 9 Oktoba

Tumefanya kikao uani, wapangaji wote wanne. Enoka anayepakua saruji kasema atakayelipa bei mpya ametuuza wote. Mzee Yesaya, ambaye huwa hamalizi sentensi, leo kamaliza: "Vyumba vinne vikigoma, atafanya nini? Atatutoa wote siku moja?" Siti, muuza dagaa wa chumba cha jirani, ambaye kwa miaka sita namwambia kila kitu, kasema umoja ni nguvu. Tukanyoosha mikono. Hatulipi!

Leo nimecheka, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Jumapili, 13 Oktoba

Dalali kaja na mwanamume mwenye futi ya kupimia. Hodi hawakupiga. Nasonga ugali, wao wanapima ukuta. Dalali kamwambia hapa kinaingia kitanda cha tano kwa sita na meza ya televisheni. Fauzia akafunga daftari, akatoka nje. Wamepima hadi nyuma ya jiko langu, wakaniomba nisogee kidogo.

Ugali umeungua.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekopa kwenye kikoba. Basi, nimeandika. Wanakikoba nimewaambia ni za unga na mafuta ya kupikia.

Jioni Enoka kapita mlango kwa mlango kuuliza kama bado tuko pamoja. Mimi ndiye niliyejibu kwa sauti kuliko wote. Siti akanishika mkono. Mungu anisamehe — hapana, msamaha baadaye. Nataka chumba.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimewakwepa wote bombani. Nimechota maji mchana wa jua kali.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilitoka mara tu baada ya swala ya alfajiri, pesa kifuani, nikidhani wenzangu bado wamelala. Kwa Mama Brayan ni mtaa wa juu tu. Geti liko wazi. Mlangoni pana viatu. Katambuga za Mzee Yesaya. Buti za Enoka, zimeganda saruji. Na kandambili za Siti — moja nyekundu, moja buluu, Tunduma nzima hakuna mwingine mwenye nazo.

Nikamsikia Mama Brayan akicheka, akimwambia mtu asaini hapa. Nilishindwa kuvua viatu vyangu niviweke pale. Nikageuka. Njia nzima nawatukana moyoni — wanafiki! wasaliti! — hadi nimefika kwangu ndipo nikakumbuka na mimi nilikwenda kufanya nini.

Saa mbili Siti kagonga. Kaniletea vitumbua vinne, vya moto. Hajawahi. Hakunitazama usoni. Enoka naye kapita dirishani: "Mama Fauzia, msimamo uleule?"

"Uleule," nikasema.

Sasa ni saa tano kasoro, mwisho wa kulipa ni saa sita. Wote watatu wamekaa uani, karibu na mlango wa kutokea. Siti anachambua mchele. Mzee Yesaya hafanyi chochote. Hawaingii ndani! Nadhani wananionea haya, maana wanajua ni mimi pekee niliyeshika neno. Nikipita pale na baibui na mkoba, watajua mimi ni kama wao. Nikibaki, chumba kimekwenda, na Fauzia yuko hapa pembeni anasoma baiolojia kwa sauti.

Nimeshavaa. Nimekaa kitandani.

Siti ananiita, nitoke nikanywe chai na wenzangu.