Matundu ya Kwenye Friji Mbovu

Nyumbani kwa Baba,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Nyundo,

Salamu nyingi kutoka chumba cha mbele. Nakuandikia juu ya meza ya cherehani, karatasi nimeibana na mkasi ili feni isiipeperushe. U mzima? Kile kikohozi cha vumbi la saruji kimetulia? Na huko kambini mnakojenga daraja bado mnalishwa maharage mpaka mnayaota? Sisi hatujambo. Baba naye hajambo, ni goti tu linalolalamika asubuhi, na yeye analalamika pamoja nalo.

Simu zangu hupokei, najua. Sikulaumu. Baada ya maneno ya Baba siku ile hata mimi ningezima simu nikalala. Ndiyo maana nimempa barua dereva wa lori la saruji akukabidhi mkononi. Barua huwezi kuikata katikati.

Nisikuzungushe. Nataka tuzungumze habari ya ile mashine yako ya kutotolea vifaranga.

Unakumbuka ulivyotuacha. Kuku wa Mama, wale wa madoa ya kijivu, walibaki matetea wachache na jogoo mmoja mzee. Tulipomzika Mama, Baba alisema kuku hawa hawataishia mikononi mwake. Na wenyewe unawajua, kutaga wanataga, kulalia hawataki. Asubuhi wako juu ya mayai, mchana wako barabarani wanaparua. Ndipo ukaigeuza friji mbovu kuwa mashine, balbu ndani, bakuli la maji chini, matundu ya hewa ubavuni kwa juu. Baba aliisifu mtaa mzima mpaka muuza mkaa akamwambia basi, mzee, tumesikia.

Halafu mayai yakagoma. Mara ya kwanza walitoka vifaranga wawili, dhaifu, hawakufika jioni. Mara ya pili hakutoka hata mmoja. Hapo Baba akachukua simu akakwambia umewajengea kuku wa mama yenu jeneza. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nakuapia alijuta kabla hajaiweka simu chini, ila baba yako unamjua, neno likishamtoka hajui kulirudisha. Wewe ukanyamaza, yeye akanyamaza, na mimi katikati nimechoka.

Kisha jogoo akafa. Uzee tu, hakuugua. Mayai tuliyookota wiki ile tukayaingiza kwenye mashine, na hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho. Yakiharibika, kuku wa Mama basi tena. Baba alihamishia kiti chake mbele ya friji na chai akawa anainywea hapo.

Mimi nikafunga kibwebwe. Nilianza na joto. Nikaazima kipimajoto kwa nesi jirani nikakiweka pamoja na chako, vikasoma sawasawa. Nikashuku labda Baba anasahau kugeuza mayai. Wapi! Anayageuza kwa upole ambao sisi wanawe hatukuwahi kuuona. Nikayamulika kwa tochi, nikaona mishipa ya damu, kumbe marehemu jogoo alifanya kazi yake mpaka mwisho. Maji yapo, umeme haukatiki.

Nikaenda sokoni kwa yule mama muuza vifaranga, nikamweleza yale ya mara ya pili yalivyokuwa tulipoyapasua: vifaranga wamekamilika, manyoya yapo, mdomo umeelekea upande mnene wa yai, lakini wamekufa. Akaniambia hao walikosa hewa. Kifaranga akikaribia kutoka anataka kupumua, na kama mashine imefungwa kila mahali anaishia ndani ya ganda. Nikamjibu kwamba hilo haliwezekani, mdogo wangu ametoboa matundu na tochi nilimshikia mimi mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikachukua kitambaa nikaanza kuipangusa friji ubavuni, maana nikiwa na hasira lazima nisafishe kitu. Vidole vyangu vimezoea kutafuta kiraka kwenye nguo. Pale juu, kwenye rangi nyeupe, kidole kikadidimia kidogo. Nikabonyeza tena. Lami. Kila tundu lako limejazwa lami, halafu likapakwa rangi juu yake, kazi safi kiasi kwamba kwa macho huoni kitu.

Hapo sikuhitaji kuuliza ni nani. Mtu ameziba mapaa ya watu maisha yake yote, mtaa mzima unamwita Mzee Ziba, tukamwachia tundu mbele ya macho yake! Tulitegemea nini?

Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida tu. Wala hakukana. "Niliona joto linatoka, nikajua mtoto kasahau kuziba." Na ile rangi, mdogo wangu, aliipaka ili mtu asigundue kwamba kazi yako ina kasoro. Watu walikuwa wanakuja kuiangalia mashine, naye hakutaka wakucheke. Alikuwa anakusitiri.

Nilipomwambia aliyosema mama wa sokoni alikaa juu ya kopo la rangi. Akasema, "Kwa hiyo ni mimi." Basi. Sijamwona Baba katika hali ile tangu mazishi, na roho iliniuma mpaka nikatamani nisingemwambia. Kisha akainuka, akatafuta msumari, akachokoa lami tundu moja baada ya jingine. Alikataa nimsaidie. Alipomaliza akaweka kiganja pale juu, akakiacha hadi aliposikia hewa ya moto inamgusa.

Juzi nikiwa natia uzi kwenye sindano nikasikia sauti ndani ya friji. Baba alinipiga jicho nisithubutu kufungua mlango. Wametoka, Bwana Nyundo. Si wote, lakini wengi, na madoa yao ya kijivu. Yuko mmoja anayewadonoa wenzake, Baba ameshaamua kuwa ni jogoo. Mimi nasema ni mapema mno, yeye anasema nirudi kwenye cherehani yangu. Jana nilimkuta anawahesabu huku analia, nami nikajifanya nimekuja kuchukua ndoo.

Shangazi anakusalimu, anauliza utaoa lini, nimemwambia akuulize mwenyewe. Nesi jirani anakusalimu. Wanangu pacha wanakusalimu na wanataka umpe mmoja wa vifaranga jina, maana wao wamegombana. Nawe nisalimie mpishi wenu, mwambie maharage yanatosha.

Baba hakutoa salamu. Ametoa hicho kidonge cheusi utakachokikuta kwenye kona ya bahasha. Alikikunja mwenyewe kwenye kipande cha gazeti. Nikamuuliza niandike nini, nisije nikakutumia lami bila maelezo. Kisha akasema, "Mwandikie matundu yalikuwa saizi yake."

Dereva ameniambia Jumapili huwa mnapanda kilimani kutafuta mtandao. Panda, upige. Simu nitaiacha pembeni ya kiti chake, mbele ya friji, nami nitaendesha cherehani kwa kelele ili nisisikie kitu.

Mungu akulinde juu ya daraja hilo, akushushe salama kila jioni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipopokea simu,

Mama Pacha