Zile Siku Nne Ulizoziacha Wazi

Mwalimu wangu Okech,

Ni mimi, Akinyi, yule uliyemwachia kipima-mvua. Tangu tukuzike pale kando ya nyumba yako sijakuandikia hata mstari mmoja, na najua ukiuona mwandiko wangu leo utashtuka. Hata nilipokuwa mwanafunzi wako wa darasa la saba, siku nilipokuja mezani kwako na heshima nyingi ndiyo siku niliyokuwa nimevunja kitu.

Acha nianze na habari za nyumbani, ndivyo ulivyotufundisha kuandika barua. Mkeo, Mama Atieno, ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Ziwa letu hapa Kendu Bay limefunikwa na magugu-maji, mitumbwi haipiti, na wavuvi wanashinda ufukweni wakibishana siasa kwa kukosa kazi. Sisi walimu tuligoma. Tuligoma kweli, Mwalimu! Hata mwalimu mkuu, yule aliyekuwa akituambia mwalimu hana haki ila wito, nilimwona barabarani na tawi mkononi akiimba kushinda vijana. Tumeahidiwa mengi, tumerudi darasani, na wazazi wanatuangalia kwa jicho la pembeni.

Na uchaguzi umekaribia tena. Unakumbuka ule wa kwanza wa vyama vingi? Ulipanga foleni tangu alfajiri, ukarudi miguu imevimba, ukatuambia kwamba sasa Wakenya wataanza kusema ukweli hadharani. Samahani, Mwalimu wangu, hapo ulikosea. Siku hizi ukisema mvua inanyesha, mtu anakuuliza kwanza uko chama gani.

Na mvua inanyesha. Hiyo ndiyo habari iliyonileta.

Redio wanaiita kwa jina la kigeni, El Niño, na hapa sokoni kila kitu kimepewa jina hilo: ng'ombe mkaidi, viatu vilivyooza, hata yule mama muuza dagaa wa omena mwenye kelele. Watu wanacheka. Mimi nikifika kwenye kipima-mvua saa tatu asubuhi sicheki. Juzi nilikuta chupa ya ndani imejaa hadi mdomoni na maji yamemwagikia kwenye kopo la nje. Nikamwaga, nikaandika, na jana ikawa hivyo, na leo pia. Ardhi imekataa kunywa. Visima vimejaa mpaka juu, na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Nimeanza kuogopa kuamka.

Nikuambie sasa nilichofanya.

Baada ya kukuzika, mheshimiwa mmoja anayetafuta kura aliahidi kutujengea wodi ya akina mama. Kiwanja kikapatikana bondeni, chini ya soko, karibu na kile kijito kinachokauka nusu ya mwaka. Wazee wawili walinung'unika kwamba hapo paliwahi kujaa maji. Mwenyekiti wa kamati ya wodi akasema maneno ya wazee hayatoshi, serikali inataka vipimo, na vipimo vya mvua katika eneo hili lote viko kwenye madaftari yako tu. Akaja kwangu na fomu.

Nilinakili kwa siku tatu, kwa uangalifu, ungefurahi. Kisha nikafika kwenye mwaka mmoja, katikati ya mvua za masika, nikakuta siku nne hazina kitu. Hapakuwa na namba wala kistari. Nilidhani uliugua, au ulisafiri. Mwenyekiti alisimama nyuma ya kiti changu akisikiliza wino ukikauka. "Mwalimu, hii fomu haiwezi enda Homa Bay ikiwa na mashimo," aliniambia. "Jaza tu, bwana. Hapo hakuna kitu."

Nikaandika sufuri. Sufuri nne, zimepangana vizuri.

Na usiseme sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na minne uliponiamuru nichuchumae mpaka jicho langu lilingane na maji kwenye chupa, nisome, nikutajie. Wiki hiyohiyo nililala nikapitiliza, nikakuandikia sufuri kwa sababu jua lilikuwa limewaka. Ulikuja na kifutio. Hukunipiga. Uliniuliza kama niliiona hiyo sufuri kwa macho yangu, kisha ukafuta. "Sufuri ni jibu, Akinyi," ulisema. "Nafasi tupu si jibu. Kama hukupima, nyamaza." Nimewaambia hivyo watoto wa darasa la sita mwaka baada ya mwaka, kwa sauti yako kabisa, mpaka wananiiga.

Sasa utaniuliza kwa nini. Unajua mama yangu alifia wapi. Alifia kwenye mkokoteni, kabla hatujafika barabara kubwa, mtoto hajatoka, na mimi nimeshika taulo. Nilitaka ile wodi, Mwalimu. Niliitaka kuliko mheshimiwa alivyotaka kura zake. Ningeambiwa nijaze fomu kumi ningejaza.

Ikajengwa haraka, mabati mapya, rangi ya samawati. Na wale wazee walipofungua midomo tena, mwenyekiti alikuwa akitoa nakala ya fomu mfukoni na kuwaambia sayansi imeshasema. Sayansi yenyewe ilikuwa mimi.

Majuma mawili yaliyopita nilikaa na Mama Atieno tukimenya karanga, mvua inapiga bati. Nikamtajia zile siku nne, kwa mchezo tu, kama mtu anayesengenya marehemu kwa upendo. Akaacha kumenya.

"Nyathina," akaniita, mwanangu, "hizo siku ni za kilio ya baba yake. Kipimo ilikuwa huku shambani, na mama yake alimkataza kukanyaga shamba mpaka siku nne ziishe. Alilia huyo, alitaka kwenda kupima, mama akakataa. Na hiyo mvua! Maji ilifika mpaka kwa soko. Ilibeba mbuzi, ikabeba choo ya mtu mzima-mzima."

Mwalimu, nilikukasirikia. Wewe uliyekuwa ukitutania sisi wote, ukicheka nani anaogopa bundi na nani anarudi nyuma paka akimkatiza njia, ulikaa ndani siku nne ukisikia mvua kubwa kuliko zote ulizowahi kusikia, na chupa yako inafurika umbali wa hatua ishirini! Usiku huo nilikutukana, nisamehe. Asubuhi nikachukua daftari nikalitazama tena. Baba akifa katika boma, watu hawaendi shambani. Ulimtii mama yako aliyekuwa ametoka kufiwa na mume, nami ningefanya vivyo hivyo. Halafu ukarudi kwenye daftari na hukubuni kitu. Uliona aibu labda, ndiyo maana hukutusimulia kamwe, lakini uliacha nafasi. Aliyedanganya ni mimi, kwa mwandiko safi na kalamu ya shule.

Nilikwenda kwa mwenyekiti siku hiyohiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha chai. Kisha akaniuliza, "Nani amekununua, Mwalimu?" Nilimwambia hakuna. Akasema wodi itafunguliwa rasmi na mheshimiwa kabla ya kura, wageni wameshaalikwa, na kwamba kule Kegonga, mbali mpakani, wanahitaji sana walimu wa sayansi. Alisema kwa upole, huku akinisogezea sukari. Nikanywa ile chai. Nikarudi nyumbani, na hadi leo sijasema tena.

Binti yako Atieno yuko miezi ya mwisho. Ni mimba ya kwanza, tumbo limeshuka, anatembea ameshika kiuno. Nimemwambia mama yake ampeleke hospitali ya Homa Bay mapema. Alinijibu kwamba nesi wa hapa ana mikono mizuri na wodi ni mpya, na mimi mwenyewe ndiye niliyeipigania.

*

Ni Jumanne sasa. Barua hii nilianza Jumapili, nikaikunja, nikasema nitaimaliza nikipata moyo.

Daraja la kwenda Homa Bay limeondoka usiku. Hakuna gari linalopita. Asubuhi kipima-mvua hakikusomeka, kopo la nje nalo limefurika, kwa hiyo nimeandika hivyo, kwamba maji yamezidi chombo. Saa nne Mama Atieno ametuma mtu shuleni: uchungu umeanza tangu alfajiri, wamempeleka Atieno wodini na beseni na leso zake. Wako akina mama watatu mle. Kijito kimeacha njia yake na kinapita nyuma ya ukuta.

Nilikimbia. Nimeteleza mara mbili, magoti yangu yametoka damu kama ya mtoto wa chekechea. Nilimwambia nesi tuwahamishe wote, waje huku juu kilimani, darasani kwangu. Ni mwanamke mwema lakini anahofia kazi yake, na nani haogopi. "Mimi siwezi toa wagonjwa bila karatasi, Mwalimu," alisema. "Waliniambia hapa hapana jaa maji, wako na fomu. Wewe niandikie."

Basi nimemwandikia. Nimeandika kwamba mimi, mwalimu wa sayansi, niliingiza vipimo ambavyo havikupimwa, kwamba mahali pale pana historia ya mafuriko, kwamba kosa ni langu peke yangu. Nimetia jina kamili na sahihi, nikatumia meza ya dawa, na Atieno akiniangalia kutoka kitandani meno yameuma leso. Alinisikia nikimsomea nesi. Alinyoosha mkono, nikaushika mpaka uchungu ukapita. Ana vidole vyako, vile virefu.

Mwenyekiti alinikuta mlangoni. Nilimpa nakala. Aliisoma akiwa amesimama ndani ya maji ya kifundo cha mguu, na hata hivyo aliniambia nitajuta.

Wale wavuvi wasio na kazi wamekuja, Mwalimu. Hakuna aliyewaita. Wamegeuza kitanda kuwa machela, na wamempandisha mama wa kwanza, na wa pili. Nimewaona kutoka dirishani hapa, nilipokuja kusukuma madawati ya darasa la sita, kuwasha jiko na kutandika mapazia ya ofisi sakafuni. Sasa ni zamu ya Atieno, na hapo ndipo mambo yamekuwa mabaya. Maji yamekatiza kati ya wodi na kilima. Wanaume wamefunga kamba kwenye mlingoti wa soko. Nesi amebaki naye ndani, kichwa cha mtoto kinakaribia, na wanasema wanataka mwanamke mmoja zaidi wa kumshika wakati wa kuvuka, maana wanaume wanaona haya.

Nakwenda mimi. Nimevua viatu tayari.

Kabla ya kutoka nimelifungua daftari lako, lile la mwaka wa kilio. Lile sikulichafua, liko kama ulivyoliacha. Lakini kwenye nakala ya fomu niliyobaki nayo nimefuta zile sufuri nne, nimesugua mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Ziko wazi tena.

Nakuahidi binti yako hatazalia mle, na hatafia mle, maadamu mikono yangu inaweza kushika kamba. Nakuahidi pia kwamba wakinipeleka Kegonga nitakwenda, na huko nitapima. Lala salama, Mwalimu wangu. Hukukosea kunyamaza.

Barua hii naiweka ndani ya daftari la mwaka huu, kwenye ukurasa wa kesho, na nimemwambia Mama Atieno, aliyefika hapa darasani na magoti yake mabaya, mahali lilipo. Kesho saa tatu, ikiwa sitakuwa nimerudi, nimemwomba jambo moja tu: asikubali mtu yeyote aniandikie sufuri. Waache nafasi.

Wako,
Akinyi