Dirisha la Bafu Lililozibwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Severa Elisaria Mmari
Umri: Miaka 43
Kazi: Biashara ya mchele na maharage, Kariakoo
Makazi: Mpangaji, Mtaa wa Narung'ombe
Tarehe: 19 Aprili 1993

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Ninaishi nyumba ya Mzee Abbasi. Wapangaji tuna bafu moja uani na tunalisafisha kwa zamu.

Tangu serikali iruhusu biashara huria, kila mwenye nyumba Kariakoo anataka fremu za maduka. Mwezi Julai mwaka jana Mzee Abbasi alijenga fremu nyuma ya bafu letu, akaziba dirisha la bafu kwa matofali na kumpangisha Ravindra, mwuza vitambaa. Kuanzia hapo bafu halikukauka tena. Ukungu mweusi ulianza juu darini, ukashuka ukutani. Ukiusugua leo, kesho kutwa umerudi.

Nilimwendea Mzee Abbasi nikamwamkia. Aliitikia marahaba, kisha akasema, "Mama Allan, nyie watu wa Kilimanjaro ndio mnaniharibia bafu. Dar joto lote hili mnaogea maji ya moto! Mvuke wenu huo."

Ni kweli mimi na jirani yangu Elieshi tunaogea maji ya moto. Hiyo si siri wala si jinai. Ila kuepusha maneno tuliacha. Mwezi mzima nilioga maji baridi huku natetemeka kama kuku aliyenyeshewa, na ukungu ukazidi. Mzee akapaka chokaa juu yake, akasema wajibu wake ameumaliza. Chokaa ikabanduka.

Jacqueline, mtoto wa Elieshi, ana miaka mitatu na kifua humbana. Daktari alisema atolewe kwenye ukungu. Atolewe apelekwe wapi, wakati kila chumba mjini kinageuzwa duka?

Mnamo tarehe 17 Aprili, Jumamosi, saa nne asubuhi, mtoto alitoka kuogeshwa akiwa hapati pumzi. Mama yake alimkimbiza hospitali. Elieshi alichukua nyundo, akaingia bafuni, akaanza kubomoa pale palipokuwa dirisha. Nilimwambia, "Baba Jacqueline, utafungwa."

Akasema, "Mama Allan, nishikie ndoo ya kifusi." Nikaishika.

Matofali yalipotoka tulimwona Ravindra upande wa pili, katikati ya majora yake ya vitambaa. Majora ya chini yalikuwa na weusi uleule. Mzee Abbasi alikuja mbio, akimtaka Ravindra awe shahidi wake. Ravindra akamwonyesha vitambaa. "Mzee, si uliniambia hivi vililowa bandarini?" Mzee akaita polisi. Elieshi yuko mahabusu mpaka leo kwa kuharibu mali.

Nimechoka, afande. Mpangaji asafishe, sawa, tumesafisha mpaka vidole vimechubuka. Mwenye nyumba naye aache hewa ipite. Kama kubomoa ule ukuta ni kosa, andika pia jina la aliyeujenga. Mtoto amerudi kutoka hospitali, anamuulizia baba yake.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi: S. E. Mmari

Maelezo ya mwandishi: Nimeandika maelezo haya mimi Koplo Leodegar. Baadaye nilikwenda na shahidi eneo la tukio. Tulikuta fundi wa mlalamikaji, Mzee Abbasi, amekwisha kuliziba tena dirisha, saruji bado mbichi. Shahidi aliniuliza kama mahabusu ya wanawake ina nafasi. Kisha aliingia chumbani kwake, akatoka na mchi wa kutwangia, akaelekea bafuni. Nilichelewa kumzuia.