Muhuri wa "Nimeona"

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie maana nimechoka na sina wa kumwambia, mume wangu ndiye huyo utakayemkuta humu ndani, na walimu wenzangu nikiwaambia watanicheka mpaka likizo.

Mimi nafundisha hesabu darasa la tano, nina wanafunzi sitini na wawili, na mwaka jana tulipelekwa semina tukaambiwa mtoto asingoje kupimwa na mwalimu tu, ajipime na mwenyewe, aseme kipi kimeingia na kipi bado, nami wazo hilo nikalipenda kwa moyo wote, nikataka kila mmoja awe na daftari dogo, kila Ijumaa ajipe alama kwa kumi na aandike sababu, na wiki za mwanzo niliyasoma yote mpaka macho yakaniuma, kisha ikaja mitihani, mwanangu akaugua, madaftari yakarundikana, nikachongesha muhuri unaosema NIMEONA, ENDELEA HIVYO HIVYO, na Jumapili mchana mume wangu akawa ananigongea huku anasikiliza mpira redioni, timu yake ikifunga anagonga mara mbili.

Sasa kuna mwanafunzi wenzake wanamwita Bibi, kwa utulivu wake. Mtihani uliopita kapata tatu kwa ishirini, na kwenye daftari alikuwa anajipa kumi kila wiki, nikamsimamisha mbele ya darasa zima: "Kumi za nini hizi? Huoni haya kujidanganya?" Alinifungulia tu kurasa za nyuma. "Nimejipa mbili. Sijaelewa kujumlisha sehemu, namba za chini zikitofautiana." Muhuri. "Nimejipa mbili. Bado. Mwalimu naomba unirudie." Muhuri. "Nimejipa moja. Mwalimu, unasoma?" Muhuri, mara mbili. Kuanzia hapo ni kumi tupu, bila sababu.

Na mwalimu mkuu ameyapenda sana madaftari haya, Alhamisi wanakuja wageni wa shule nyingine kujifunza kwetu, anayataka yote sitini na mawili mezani. Basi nikamwita Bibi pembeni, nikampa daftari jipya, nikamwambia arudie toka mwanzo, aandike vizuri. Akalipokea kwa mikono miwili, akaniuliza, "Niandike nini, mwalimu?"

Nikiliacha lile la zamani lionekane, nitaficha wapi uso wangu?

Ni mimi, mwalimu niliyechoka.

*

Marahaba, mwalimu.

Pole, na ninaisema kwa dhati. Nilishika chaki miaka kumi na tisa kabla ya kukalia kiti hiki, rundo la madaftari nalijua, hata sasa likinijia kichwani mgongo unauma. Kuchoka si kosa. Na mumeo mwache na mpira wake, muhuri ulichongesha wewe.

Lakini kumsimamisha mtoto wa watu na kumwita mwongo, hapo ulivuka mpaka. Alifanya hasa ulichomwomba. Alijua asichokijua, akakiandika, akakuomba umrudie. Watu wazima wangapi tunaweza hivyo? Ukamjibu aendelee hivyo hivyo, akaendelea. Sasa unampa daftari jipya ajipime upya kwa maneno yako, halafu unashangaa anakuuliza aandike nini.

Tena nimeirudia barua yako mara mbili. Umenieleza semina, mwalimu mkuu, wageni na uso wako. Sijaona popote uliposema umekaa na Bibi ukamfundisha hizo sehemu.

Kaa naye kesho, wakati wa mapumziko. Chukua karatasi, uikate vipande mbele yake, msitoke hapo mpaka akuonyeshe yeye. Daftari jipya akapigie hesabu tu. Kisha umwombe radhi mbele ya darasa, kwa sababu mbele ya darasa ndipo ulipomwaibisha. Mwalimu mkuu mwambie mwenyewe kabla ya Alhamisi. Atafoka. Afoke atakavyo, baadaye ataenda kula.

Muhuri tupa. Madaftari sitini na mawili kwa mkupuo mmoja hakuna anayeyaweza, hata mimi nilikuwa naruka kurasa, soma kumi na mawili au kumi na matatu kwa siku. Mstari mmoja wa kalamu yako unatosha.

Na hao wageni, muulize Bibi kama anataka daftari lake lionekane. Ni lake, si lako wala la shule. Akikataa, mezani yawe sitini na moja, na ukiulizwa, ueleze kwa nini.

Mwisho, rudi kwenye ule ukurasa aliokuuliza kama unasoma. Mtoto bado anangoja jibu. Mwandikie hapo hapo kwa mkono wako: "Nilikuwa sisomi. Sasa nasoma."

Halafu usome.