Mume Wangu Anasikiliza Sauti ya Mke wa Mtu

Kwako Bi Mwanasaumu,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi nimepanga kuvuka feri niende Timbwani kufanya jambo ambalo likishafanyika halirudi, na sina mtu mwingine wa kumwambia maana dada zangu wa kanisani wataanza kuniombea hadharani kabla hata sijamaliza kusimulia. Majina yote nimeyageuza.

Tunaishi Mikindani na mtoto wetu mmoja, Griffin, na mimi nafanya kazi ya ofisi kwa wakala wa kutoa mizigo pale bandarini Kipevu. Mume wangu, nimwite Kyalo, anasomea shahada ya uzamifu ya sayansi ya kompyuta, mwaka wa tano huu, na kazi yake ni kuifundisha kompyuta ielewe Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa, Kimvita, kwa kuwa anasema simu zetu zinaelewa Kiswahili cha redioni tu na bibi mzee wa Likoni akizisemesha zinaandika mambo ya ajabu. Mwanzo nilijivunia sana, nikaubeba mzigo wa nyumba bila kunung'unika, kila asubuhi akitoka nasimama mlangoni namwambia usichelewe mchuzi utapoa, yeye anaitikia "hm" bila kugeuka, na jioni nikimwambia Griffin amelala na viatu tena, mvue polepole, anaitikia "hm" vilevile, na mimi nikasema basi, akishaitwa daktari atarudi kuwa mtu.

Sasa huyo mwanamke. Nimwite Sheikha, mwalimu wa chekechea, mke wa Mahfudh mwenye duka la vitambaa huko Timbwani, ukoo wa Mombasa tangu na tangu, na Kyalo alipopata kuirekodi sauti yake alikuja nyumbani kama aliyeshinda bahati nasibu. Nilimuuliza mbona usirekodi yangu, mimi niko Mombasa tangu shule ya msingi, akacheka akasema, "Yako ni ya bara, mama Griffin, itaharibu kazi." Tangu hapo anakaa na hedifoni masikioni, yeye anapokula na anapopiga pasi anamsikiliza yule mwanamke, anacheka peke yake, na mimi nikifungua mdomo ananiinulia kidole ninyamaze. Hata kuongea ameanza kuongea kama wao. Mtoto akiitwa siku hizi anajibu "abee", na mimi nikisema kitu nasahihishwa, na yeye ni mtu wa Mwingi, bara, kama mimi.

Nilimbana. Akaniapia kwamba walirekodi sebuleni kwa Mahfudh, kwa ruhusa ya Mahfudh, na mamake Mahfudh amekaa papo hapo akishona kofia mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba kikohozi chake kimeingia kwenye rekodi na sasa kinamsumbua kukitoa. Sikuamini.

Jumapili tumetoka kanisani, Kyalo akaingia kuoga, nikavaa zile hedifoni. Nikamsikia, sauti laini, anasema, "Usitelewe, mtuzi utapoa." Akarudia polepole, akijidekeza, akarudia tena upesi upesi. Kisha akasema, "Mtoto amelala na viatu tena, mvue polepole." Hilo nalo akalirudia. Bi Mwanasaumu, maneno yangu ya nyumbani, ninayomwambia mume wangu kila siku, mwanamke mwingine anamwambia, na anayasema kwa lafudhi ambayo Kyalo anaipenda kuliko yangu, na amejuaje kwamba mtoto wangu analala na viatu, wanasimuliana nini hawa?

Nina wivu, sitaficha, nina wivu mpaka chakula hakipiti. Na dawa yake naijua, maana Kyalo mwenyewe aliwahi kunieleza kwamba kila aliyetoa sauti ana haki ya kuidai irudishwe siku yoyote, haulizwi sababu, nayo inafutwa. Kazi yake karibu yote imesimama juu ya sauti ya Sheikha, na mwezi ujao anaitetea mbele ya watahini. Nikiingia dukani kwa Mahfudh nikamwambia mume wangu anacheka na sauti ya mkeo nyumbani kwangu, atamlazimisha mkewe aidai, hiyo sauti haitafika jioni, na miaka mitano imekwisha. Nusu ya roho yangu inataka iishe. Niende, nisiende?

Aliyechoshwa na "hm",
Mikindani

*Bi Mwanasaumu anajibu:*

Usiende. Hilo tulimalize kwanza, ndipo tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mwanangu, na mara ya pili nilicheka, uniwie radhi. Siucheki wivu wako, maana najua unavyokata. Nacheka kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe kisha ukalipita. Mimi zamani niliwahi kusoma matangazo ya sabuni redioni. Unapewa karatasi, unasoma, fundi mitambo anakwambia rudia, polepole, haya sasa upesi, mpaka sabuni yenyewe unaichukia. Sheikha hakuwa akijidekeza. Alikuwa akisoma alichopewa, huku mama mkwe anakohoa pembeni, na mimi kwa umri wangu huu sijasikia mahaba yanayofanywa mbele ya mama mkwe mwenye sindano mkononi.

Sasa jiulize aliyeandika alichokisoma ni nani. Sheikha hamjui mtoto wako wala viatu vyake. Aliyeandika ni mumeo. Alihitaji maneno ya kawaida ya nyumbani ili watu wayasome, na alipokaa kuyatafuta yakamjia ya kwako. Miaka yote hiyo uliyodhani unasema na ukuta, yule bwana alikuwa akikusikia neno kwa neno. Sheikha ameligeuza tu usichelewe likawa usitelewe, na mchuzi ukawa mtuzi, kama tunavyosema sisi wenyewe.

Lakini usianze kutabasamu, sijamaliza na wewe. Ulitaka kuingia dukani kwa mwanamume wa watu, mbele ya wateja wake, umtaje mkewe namna hiyo. Umefikiri Sheikha angeingiaje ndani jioni ile? Mumeo angepoteza shahada, Sheikha angepoteza heshima yake mbele ya ukoo mzima, na kosa lake ni kukubali kuwasaidia. Katika nyumba kama zile sauti ya mke kutoka nje ya mlango si jambo dogo. Walimpa mumeo, mgeni kutoka bara, kwa kumwamini. Wallahi ungefanya dhambi ambayo hao dada zako wa kanisani wangeiombea mpaka wakaukwe na koo.

Na wewe unayeitwa Kyalo, jina si lako lakini unajijua, na gazeti hili linafika Mikindani. Uliomba ruhusa ya Sheikha. Ukaomba ya mumewe. Ukamvumilia mama mtu na kikohozi chake. Mtu mmoja tu hukumwomba chochote, naye ndiye uliyemtoa maneno kinywani ukampa mwenzake ayaseme, kisha ukamwambia sauti yake itaharibu kazi. Miaka mitano unasomea namna mashine inavyosikia, na mkeo unamjibu "hm". Hata mimi ningevaa hizo hedifoni.

Turudi kwako, mwanangu. Leo hii, kabla hajavaa kile kitu masikioni, mwambie ulichosikia na ulichotaka kufanya, pamoja na habari ya duka. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha muulize maneno yale ni ya nani, na usimsaidie kujibu. Jumamosi feri mtavuka, lakini wawili, na halua mkononi. Yule mama mkwe umwamkie shikamoo, ukae na Sheikha umsikie akisema ya kwake mwenyewe, akilalamikia bei ya samaki na mume asiyekunja nguo. Hutamwonea wivu tena baada ya hapo.

Jambo la mwisho ulishike sana. Ile haki uliyotaka Sheikha aitumie, ya kudai kilicho chako kirudishwe bila kuulizwa sababu, ni yako pia. Maneno ni yako. Kazi haiendi kwa watahini mpaka mumeo akuombe ruhusa kwa kinywa chake, kama alivyowaomba wengine, na jina lako la kweli liandikwe humo kwamba yalitoka kwako. Ukitaka kumpa, mpe. Usipotaka, atunge mengine.

Na kesho asubuhi akitoka, simama mlangoni kama kawaida, ila usiseme kitu. Mwache aende. Mtu aliyeyazoea maneno yale kiasi cha kuyafundisha mashine hawezi kufika getini bila kuyasikia, atageuka atazame kuna nini. Akigeuka, ndipo umwambie asichelewe.