Tani mbili zilizopotelea kati ya Goma na Lubumbashi

Lubumbashi, Jumanne. Mvua asubuhi, jua kali saa sita, halafu mvua tena. Niko na hasira, lakini si ile ya kuvunja vitu. Ni ile inayomfanya mtu akaze mkono.

Mimi ni mchoraji wa vyuma. Nafanya kazi katika atelye ndogo upande wa Ruashi, ambako tunakata na kuchomelea vyuma vya majengo. Mwezi huu tunatengeneza paa la maternité ya masista, kule Annexe. Dhoruba iling'oa lile la zamani, na tangu siku hiyo akina mama wanajifungulia chini ya turubai.

Paa jipya lilichorwa Goma, na Kambale, mhandisi niliyesoma naye hapa. Asubuhi ile vita vilipoingia mjini kwao, alinitumia mchoro wote kwa simu, na maneno matatu tu: "Chunga hii kazi." Baadaye nikasikia kwamba ofisi yake imeporwa. Kila siku nilipiga namba yake. Kila siku ilikuwa imezimwa.

Alichora kwa programu moja, sisi tunatumia nyingine, na hizo mbili hazielewani. Kuna aina ya faili ambayo zote mbili zinaweza kuifungua, basi mtu anapitishia mchoro humo. Vingi vinapita. Vingine vinaachwa njiani bila kelele.

Ijumaa nilifungua faili hilo, na jengo lote likasimama kwenye skrini: nguzo, boriti, kila kitu mahali pake. Nilifurahi mno. Nilijiona kama nimeokoa kitu kutoka motoni. Programu ikanionyesha orodha ndefu ya maonyo.

Niliifunga bila kuisoma.

Nikashuka kwa Papa Ilunga, mkubwa wa atelye, nikamwambia kwamba mchoro umefika mzima: "Papa, iko byote." Jumamosi akakata boriti nne.

Leo saa nne asubuhi simu ikalia, namba nisiyoijua. Kambale! Yuko Beni, kwa shemeji yake. Mke wake mzima, watoto wazima. Nilikaa sakafuni, nikalia kwa sauti, sikuona haya. Yeye akaningoja nimalize, kisha akaulizia kazi.

"Ule modèle ulifika muzuri?"

"Ulifika. Tumeanza kukata."

"Uzito wake ngapi?"

Nikainuka, nikaangalia. "Tani kumi na moja na nusu."

Nikasikia makaratasi. Kompyuta aliziacha Goma, lakini daftari la mahesabu alitoka nalo ndani ya koti.

"Hapana, Nadège. Huku kwangu iko kumi na tatu na nusu. Kuna chuma ilipotea. Simamisha scie kwanza, halafu utafute."

Nilipiga kelele dirishani wazime msumeno, kisha nikafungua tena ile orodha, safari hii nikaisoma mstari kwa mstari. Jibu lilikuwa kwenye mstari wa tatu. Kambale huandika jina la boriti zake na kistari katikati. Programu yetu huandika bila kistari. Haikulitambua lile jina. Basi boriti kumi na sita zinazobeba paa, ambazo yeye alizipa kimo cha sentimita ishirini na saba, yetu ikaziwekea zake za kawaida, za ishirini. Kwenye skrini, kwa mbali, zinafanana kabisa.

Nilifikiria upepo wa Annexe. Nilifikiria mama aliyelala na mtoto wa siku moja kifuani.

Nilitaka sana kulaumu programu. Hata sentensi nilishaitunga kichwani. Lakini maonyo yalikuwepo, na mkono ulioyafunga ni huu ninaoandikia.

Papa Ilunga alinisikiliza mpaka mwisho, miwani yake imejaa vumbi la chuma. Baba yake alitengeneza mabehewa ya reli maisha yake yote. Huyu mzee hana mchezo na chuma.

"Kwa nini ulisema iko byote?"

"Nilikosea, papa. Sikusoma."

Akatazama nyuma ya atelye, kule kwenye chuma kikubwa kilichonunuliwa kwa paa hili, kikaingia kwa njia ya Sakania, mpakani na Zambia. "Na miye pia," akasema polepole. "Nilikuwa najiuliza, hizi kubwa balizinunua za nini? Nikaona mchoro unasema ndogo, nikakata ndogo za stock. Nilipaswa kukuuliza, mwana."

Akachukua chaki nyekundu, akazichora msalaba zile nne zilizokatwa, mtu asije akazipandisha. Kisha akaniambia, "Nenda urudilie. Sitawasha scie mpaka utashuka weye mwenyewe."

Nikarudilia. Nilitengeneza jedwali la majina, la kwake upande huu, la kwetu upande ule, nikapitisha mchoro upya. Halafu sikuuamini. Nikapima kila boriti, moja moja, kimo, upana, unene, nikilinganisha na faili la Goma. Saa tisa courant ikakatika, nikaendelea kwa betri. Matundu ya bulonu, skrubu kubwa zinazofunga boriti, yalikuwa yamepotea kwenye miisho minane. Nayo nikayachora kwa mkono.

Saa kumi na moja nilimpigia Kambale. "Kumi na tatu na nusu," nikamwambia. Akapumua, akaomba nimtumie picha ya atelye. Alitaka tu kuona chuma chake kimelala mahali penye paa.

Tumechelewa siku tatu. Mvua haitatungojea.

Kesho saa moja nitakwenda Annexe kumwambia sista mkubwa mwenyewe, sitampigia simu. Ataniuliza nani alikosea. Ni rahisi kusema ordinateur, ile kompyuta, kila mtu anaelewa, hakuna anayeuliza zaidi. Nimejizoeza jibu langu njia nzima ya kurudi nyumbani, na neno ni moja tu.

Miye.