Gari Lililoundwa Uani

Jumapili jioni, Kasulu

Tatizo ni ile fomu ya usajili. Inadai jina la kiwanda na mwaka gari lilipotengenezwa, na letu Baba aliliunda uani kwa miaka saba, akiiga lile alilokuwa akiendesha Babu. Bila namba haliruhusiwi barabarani. Naogopa litaishia kuwa chuma chakavu.

Leo nimemwandikia mbunge: magari kama haya yakaguliwe, kisha yasajiliwe. Mafundi wawili wa Kibondo watasaini pia. Nimeeleza jinsi mlango wa kwanza ulivyowekwa nikiwa darasa la pili, Babu akiwa bado hai, akaketi ndani akipiga honi kwa mdomo.

Baba akaisoma barua, akaniambia: "Mama, mbunge anataka hoja, siyo habari za babu yako."

"Nifute sehemu hiyo?"

Alinirudishia barua. "Iache. Futa pale uliposema nililia."